Gemu yetu haiishi, kasoro iko wapi?

SWALI: Tuko wawili, tunatengeneza gemu ya kukimbia na kuruka vikwazo. Ndani ya miezi mitatu mhusika alikuwa anaruka vizuri. Huu ni mwaka wa pili na mwisho hatuuoni. Tunakosea wapi?

JIBU: Kuruka ndiyo kazi nyepesi. Muda huliwa na menyu, sauti, mipangilio ya vitufe na, mbaya kuliko yote, kuhifadhi mchezo ili mchezaji aendelee alipoishia. Mkiacha kazi hiyo ya kuhifadhi hadi mwishoni, mtalazimika kufumua kila mlango, adui na sarafu ili kila kimoja kikumbuke hali yake.

Kisha kuna nyongeza. Kuruka mara mbili hewani ni mistari michache tu ya msimbo wa programu, lakini ukuta uliomzuia mhusika sasa anaupita, na hatua (leveli) zote za gemu, tuseme 20, zinahitaji kupimwa upya. Hapo ndipo miezi inapopotelea.

Acheni kuongeza. Malizeni hatua moja kabisa, kuanzia menyu hadi skrini ya mwisho, pamoja na sauti na kuhifadhi. Wapeni wageni watano waicheze, nanyi mtazame kimya. Siku ilizochukua zidisheni kwa hatua zilizobaki. Jibu likiwatisha, kateni hatua zibaki sita, na mkate leo.