"Ndiyo, nililichukua"

SWALI: Bi Mkalimani, shikamoo. Mimi ni binti, nafanya kazi katika duka la dawa huku Kongowea. Kazi yangu moja ni kuandika maelezo kwenye bahasha za vidonge. Maelezo huja kwa Kiingereza, nami huyageuza. Kila panapoandikwa "take" mimi huandika "chukua". Juzi nilimwandikia bibi mmoja: "Chukua kidonge kimoja mara tatu kwa siku." Akampa mjukuu wake amsomee palepale kaunta. Aliposikia, akanitazama akaniuliza, "Nikichukue nikipeleke wapi, mwanangu?" Watu kwenye foleni wakacheka. Mimi sikuweza kucheka. Je, hili neno "take" kwa Kiswahili ni nini hasa?
– Msomaji, Kongowea

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bibi yako hakukosea hata kidogo. Ulimwambia achukue, na mtu akichukua kitu hukitoa hapa akakifikisha pale, kingali kizima. Kwa hivyo akakuuliza pale ni wapi. Swali lake ni la mtu anayekijua Kiswahili sawasawa.

Kidonge humezwa. Dawa ya maji hunywewa, na wengi wetu husema "kunywa dawa" hata kwa vidonge, maana hushuka na maji. Kuna cha kutafuna na cha kumung'unya. Ya macho hutiwa, ya ngozi hupakwa, sindano hudungwa, na majani ya mwarobaini mtu hujifukiza nayo. Kiingereza kitakwambia "take" kwa nusu ya hizi bila kujali imepita wapi mwilini. Kiswahili hutaka kujua. Ukiwa na shaka kabisa, andika "tumia", neno hilo halitakuaibisha, lakini "meza" ni bora kwa sababu bibi ataona kinywa chake katika neno.

Na kwa kuwa umenipa nafasi ya kusema kuhusu bahasha: usiishie kwenye "mara tatu". Wala ile 1x3 inayoandikwa kwa kalamu ya haraka haimfai mtu asiyeizoea, ni hesabu tu. Andika hivi: "Meza kidonge 1 asubuhi, 1 mchana, 1 usiku." Ukiandika saa, jihadhari sana. Wewe unaweza kuandika 8:00 ukikusudia saa mbili asubuhi, na bibi anayeisoma saa kwa Kiswahili akangoja hadi saa nane mchana. Pale kuna saa sita za ugonjwa bila dawa.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe. "Take" kwa Kiswahili ni nini hasa? Si neno moja. Hata kwa Waingereza wenyewe neno hilo ni mgeni aliyekaribishwa: waliletewa na mabaharia wa Skandinavia waliowavamia kisha wakakaa nao, na kwao lilikuwa "taka". Kabla ya hapo Waingereza wa kale walisema "niman", ndugu wa "nehmen" ya Wajerumani mpaka leo. Mgeni akamtoa mwenyeji, akashika kila kazi nyumbani. Ndiyo maana "take" la leo hunywa dawa, hupanda basi, hupiga picha, hula kiapo, huvua koti, hupeleka mtoto shule. Ukilitafuta kwenye kamusi, lile neno la Kiswahili la kwanza utakalolikuta usilikimbilie. Soma mpaka chini.

Niruhusu nikusimulie kilichonifundisha mimi, kwani sikujifunza darasani.

Nilikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka mingi. Siku moja aliletwa hamali wa Marikiti, soko la hapa Mombasa, mtu mzima, mabega yake yamepinda kwa kazi. Alishtakiwa kuiba gunia la iliki. Mwendesha mashtaka akamuuliza kwa Kiingereza kama yeye ndiye aliye-"take" hilo gunia. Mimi nikamgeuzia: "Ulilichukua gunia hili?" Akajibu bila kusita, "Ndiyo, nililichukua." Nami nikarudisha kwa Kiingereza, "Yes, I took it." Hakimu akainamisha kichwa akaandika.

Nilimwona yule mzee anajinyoosha. Akaongeza, na sauti yake ilikuwa ya fahari, "Toka Marikiti hadi Mwembe Tayari, begani, peke yangu." Hapo moyo wangu ukashtuka. Mwizi hajisifu kwa uzito wa gunia. Huyu mtu alikuwa akijibu swali jingine kabisa. Kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, cha nyumbani kwake na cha nyumbani kwangu pia, kuchukua ni kubeba mzigo. Mchukuzi si mwizi, ni mtu wa kazi, na wizara nzima ya serikali inaitwa ya Uchukuzi. Bibi zetu walisema mtoto hubebwa na gunia huchukuliwa. Kile ambacho mwendesha mashtaka alikuwa akikiuliza, sisi tungesema "kutwaa", au waziwazi, "kuiba".

Niliomba ruhusa ya kusema, nikamweleza hakimu kwamba tafsiri yangu ilikuwa na kasoro na kwamba nilichokirudisha sicho alichokisema mshtakiwa. Alinisikiliza. Swali likaulizwa upya, nami safari hii nikasema, "Ulitumwa ulichukue, au ulilitwaa mwenyewe bila idhini?" Akajibu, "Nilitumwa, nikaahidiwa ujira, na ujira sikupewa." Kesi ilichukua miezi, mashahidi wakapatikana, akaachiliwa. Lakini usiku ule sikulala. Neno moja nililolitoa kinywani bila kulipima lilikuwa limeshaandikwa kuwa mtu amekiri wizi.

Watu hudhani jambo kama hili hutokea kwa maneno magumu ya kisheria. La. Maneno magumu kila mtu huyaogopa, huyapekua kwenye vitabu. Vitenzi vidogo ndivyo vinavyotupita. Tena sisi wa Mombasa tuna sababu ya kuwa macho zaidi. Mkutano wa 1928 ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa mjini kwetu. Sina ugomvi na uamuzi huo, umetupa vitabu na magazeti yanayosomeka Lamu hadi Kigoma. Ila mtu akisimama kizimbani, au akiwa na homa mbele ya kaunta yako, haji na Kiswahili cha mkutano. Huja na cha mamake.

Basi ukikutana na "take", jiulize kwanza: kitu hiki kinahama? Kikihama kwa mkono wa mtu na kufika kwa mwingine, mara nyingi ni kupeleka. "Take this plate to the neighbour", magharibi ya Ramadhani, ni "mpelekee jirani sahani hii". Ukisema "chukua sahani hii kwa jirani", mtoto anaweza kwenda kuileta kutoka huko, na futari yako ikabaki mezani. Mtoto asubuhi hupelekwa shule, na mchana huchukuliwa shule. Kiingereza cha mtaani kinaweza kutumia "take" huku na huku.

Kama kitu hakihami, bali wewe ndiye unayeingia ndani yake, ni kupanda: basi, feri, matatu. Najua vijana husema "nimechukua matatu". Mimi huwauliza wameipeleka wapi. Lakini "tulichukua tuktuk" nimekubali, kwa sababu mwenye kuikodi yote kweli ameichukua kwa muda, haendi nayo mwingine.

Na kama "take" halina kitu cha kushikika hata kidogo, Kiswahili hukimbilia mwili. Tunashika njia, tunavuta pumzi, tunapiga hatua. Na tunakula! Hii naipenda mno. Mwingereza hu-"take" kiapo, sisi twakila kiapo, au twala yamini. Yeye hu-"take" hasara, sisi twala hasara. Mlungula vilevile huliwa, na kila mtu anaelewa kwa nini. Kiapo kilicholiwa kimeingia tumboni, huwezi kukitema ukasema si chako. Ukiandika "amechukua kiapo" umekirudisha mkononi, mahali ambapo kinaweza kudondoka.

Usidhani nawalaumu Waingereza. Mgeni anayejifunza kwetu hupata taabu iyo hiyo kwa "piga": pasi hupigwa, simu hupigwa, mswaki hupigwa, kura hupigwa, magoti hupigwa, na hakuna hata kimoja kilichoumia. Kila lugha ina vitenzi vyake vya kazi zote. Kosa ni kudhani kwamba chao na chetu ni mapacha.

Mwanangu, yule bibi akirudi mwombe radhi, umwandikie bahasha nyingine.

*

SWALI: Bi Mkalimani, tuna duka la kuchapisha kadi Majengo. Wateja wengi hutuletea maneno wakitaka tuandike: "Harusi itachukua nafasi Jumamosi." Mwenzangu asema ni sahihi, mimi sisikii raha. Nani kati yetu?
– Mchapishaji, Majengo

JIBU: Kutosikia raha kwako ndiko sahihi. Hiyo ni "take place" iliyovishwa kanzu. Kwa Kiswahili, kuchukua nafasi ni kukaa mahali pa mwingine: imamu akiugua, mwingine huchukua nafasi yake. Sasa harusi hii inachukua nafasi ya nani? Nikiisoma kadi hiyo nitadhani kulikuwa na matanga yakaahirishwa.

Andikeni "itafanyika". Au "itakuwa Jumamosi", ambalo ndilo neno watu wanaloambiana barazani. Lililopangwa hufanyika, lisilopangwa hutokea: mkutano ulifanyika, ajali ilitokea. Magazeti nayo huchanganya, yakaandika "ajali ilifanyika", na kila nikiisoma namwona dereva ameikalia kikao.

Utaniuliza, mbona basi nimesema hapo juu kwamba kesi "ilichukua miezi"? Kwa muda nimekubali. Zamani nilikuwa nikisahihisha "imechukua muda" kila nilipoiona, nikiandika "imedumu" au "imekwenda". Sasa naona imeota mizizi, inasemwa na wazee wasiojua neno la Kiingereza, na inaeleweka pasipo shaka. "Kuchukua hatua" pia imekaa, tena imetupa faida: aliyechukua hatua ameamua kufanya jambo, aliyepiga hatua amesonga mbele. Hayo ni mambo mawili, na ni vizuri kuwa na maneno mawili. Neno la kuazima likileta maana mpya nalikaribisha. "Kuchukua nafasi" ya kadi zenu inaharibu maana tuliyokuwa nayo.

*

SWALI: Shikamoo Bi. Nyanya yangu hunikemea nikisema "nichukue picha". Asema picha hupigwa. Si ni yale yale?
– Kijana, Likoni

JIBU: Marahaba. Si yale yale, na nyanya yako anakumbuka enzi ambazo tofauti ilikuwa na tarehe. Tulikuwa tukienda studio Jumatatu kupiga picha, tumevaa nguo za Idi, tumesimama mbele ya pazia lenye mnazi uliochorwa. Alhamisi tulirudi na risiti kuchukua picha, zimo kwenye bahasha ya karatasi. Kupiga na kuchukua kulitengwa na siku tatu za hamu. Simu yako imezifuta hizo siku, lakini picha ya kupigwa na picha ya kuchukuliwa bado ni mbili. Ukimwambia mpita njia pale feri "nichukulie picha", ana haki ya kukuuliza iko wapi.

*

SWALI: Bi Mkalimani, mwanangu aliandika katika insha: "Nimechukua sura ya babu yangu." Sentensi aliisikia kwa bibi yake. Mwalimu akaikata kwa wino mwekundu, akasema ni Kiingereza kilichotafsiriwa, akaandika pembeni "nimefanana na". Tumekubali, lakini bibi amekasirika.
– Mzazi, Kisauni

JIBU: Bibi ana haki ya kukasirika. "Kufanana" ni sahihi, hakuna anayekataa, lakini hakuelezi kitu kilikotoka. Watu wawili wasiojuana hufanana stendi ya matatu. Mtoto aliyechukua sura ya babu yake amepokea mzigo kutoka begani mwa mtu fulani, na sasa yeye ndiye anayeubeba kwenda mbele. Hii ndiyo "chukua" ya yule hamali wangu wa Marikiti. Kiingereza husema "take after", na "take" limo humo kwa bahati tu, hatukuiazima kwao. Nimeisikia kwa wanawake wa Kibokoni ambao hawakuwahi kukaa darasa la Kiingereza, wamemfunua kichanga uso, wanabishana kwa furaha amechukua pua ya nani.

Mwambie mwanao airudishe insha kwa mwalimu, kwa adabu, pamoja na jibu hili. Na sentensi ya bibi iandikwe upya kama alivyoisema.