SUV ndogo ya 4WD iliyotumika: ingia uvunguni kwanza

Mwenye bajeti ndogo, familia ya watu watano na njia ya udongo yenye milima kama ya Lushoto au Rungwe atatajiwa RAV4, X-Trail, CR-V, Forester, Escudo na Rush, kisha ubishi utaanza kuhusu ipi haili mafuta. Mimi ningeanza na swali jingine: hiyo gari ina 4WD kweli (yaani injini inazungusha tairi zote nne), na hiyo 4WD bado inafanya kazi? Nyingi ya modeli hizi ziliuzwa Japani kwa aina zote mbili, yenye 4WD na isiyo nayo, na kwa nje huwezi kuzitofautisha.

Chesisi namba ndiyo inayosema. RAV4 ya 2000 hadi 2005, milango mitano: ACA21 ni 4WD, ZCA26 yenye injini ya 1.8 inavuta mbele tu. Iliyofuata, ACA31 ni 4WD na ACA36 ni ya mbele. X-Trail, tafuta herufi N: NT30 na NT31 ni 4WD, T30 na T31 tupu siyo. CR-V, RD5 na RE4 ni 4WD, RD4 na RE3 siyo. Rush ya Japani, pamoja na pacha wake Daihatsu Be-go, J210 ndiyo 4WD. J200 inasukuma nyuma tu. Forester SG5 na Escudo TD54W hazina mtego huo, zote ni 4WD. Soma namba kwenye gari yenyewe, ulinganishe na kadi. Maneno ya dalali achana nayo.

Ukishajua ni 4WD, tandika boksi chini ulale uvunguni. Beringi ya kati ya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) ikianza kelele, au difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) ikianza kulia, kuna mafundi wanaofungua propela na kuitupa stoo, mteja akiambiwa atabana mafuta. Wahanga wakubwa ni X-Trail, CR-V na RAV4 ACA31, kwa sababu kwa kawaida zinavuta mbele na nyuma inaitwa pale tu mbele inapoteleza, kwa hiyo zinatembea bila propela na mwenye gari hajui mpaka akwame. Hakikisha propela ipo, imefungwa ncha zote mbili, na mpira unaoshika beringi ya kati haujachanika. Angalia kama transfa (boksi la gia linalopeleka nguvu kwenye propela) au difu inavuja. Kagua pia kutu. Japani gari za 4WD hutumika sana maeneo ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na chumvi hiyo hula paipu za breki, sabufremu (fremu ndogo inayobeba sespensheni) na mikono ya sespensheni. Rangi ya juu inaweza kuwa inang'aa huku chini panamenyeka kwa bisibisi. Ikimenyeka hivyo, ondoka.

Sasa iwashe. Kwenye lami au sakafu ngumu, kata usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu kulia kisha kushoto. Gari ikikaza kana kwamba umekanyaga breki, au ikirukaruka, koplingi ya katikati, inayounganisha mbele na nyuma, imebana. Kwa Forester ya otomatiki mara nyingi ni klachi za transfa, kwa RAV4 ACA21 ni koplingi ya viskasi (inayofanya kazi kwa oili nzito). Escudo ipime ikiwa kwenye 4H (4WD ya kawaida, difu ya kati haijafungwa), na Rush ukiwa umezima kitufe cha kufunga difu. Zikiwa zimefungwa ni lazima zikaze, hiyo siyo hitilafu. CR-V ikikoroma nyuma kwenye kona, mara nyingi ni oili ya difu imechoka. Inataka oili maalumu ya Honda, kama lita 1 tu, na kelele huisha. Usimwambie muuzaji kabla hamjakubaliana bei.

Jaribio la mwisho ni mlima wa changarawe au mchanga. Weka LOCK (inayolazimisha nyuma ivute pia) kwenye X-Trail au ACA31, ondoka kutoka kusimama huku mtu akitazama pembeni, mbali kidogo. Tairi za mbele zikikwangua peke yake na za nyuma zikifuata tu kama za mkokoteni, 4WD hakuna. Taa ya 4WD kuwaka kwenye dashibodi siyo ushahidi. Kumbuka LOCK ya ACA31 hujifungua ukipita kilomita 40 kwa saa, na usijaribu haya kwa kupiga jeki ekseli moja, gari itaruka kwenye jeki.

Tairi watu wanazipuuza, na ndizo zinazoua mfumo huu. Zote nne ziwe saizi moja, aina moja, na zimelika sawa. Kwa Forester, ambayo ni Subaru, mzingo usipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Pima kwa futi ya fundi cherehani. Gari yenye mbili mpya mbele na mbili vipara nyuma imekuwa ikisaga koplingi kila ilipotembea.

Upande wa injini, kila moja na ugonjwa wake. Injini ya 1AZ-FSE ya ACA21 ni D-4 (hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda): hujaza masizi kwenye manifoldi ya kuingizia hewa na pampu yake ya mafuta haivumilii mafuta machafu, basi isikilize ikiwaka huku gari imesimama, bila kukanyaga mafuta. 2AZ-FE ya ACA31 inaweza kula oili, na nyuzi za bolti za hedi hung'oka kwenye bloku. Mulika tochi upande wa nyuma wa injini, ukiona ukoko wa kulanti (maji ya kupoza injini) kati ya hedi na bloku usinunue. NT30 huzimika ikipata moto kwa sababu ya sensa za kamshafti na krenki, tatizo la bei nafuu. NT31 ina CVT (giaboksi ya otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua), na kwenye mlima mrefu au mchanga hupata joto na kujipunguzia nguvu. Fundi aliyeijaza ATF (oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida) badala ya NS-2, oili yake maalumu, ameiua tayari. Forester SG5 ulizia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kikomo ni kilomita 100,000.

Kwa njia niliyoitaja juu, chaguo langu ni Escudo TD54W, kwa sababu ina gia nzito ya 4L (ya kwenda polepole kwa nguvu nyingi) na difu ya kati inayofungwa, vitu ambavyo hizo nyingine hazina kwa pamoja. Inakunywa mafuta, kweli. Bajeti ikibana, Rush J210: cc 1495, ekseli nzima nyuma, mitambo myepesi kueleweka, ila ikijaa watu mlimani inapanda kwa kusitasita. ACA31 ni ya anayekaa lami zaidi. Na kama unaagiza mwenyewe, injini ikizidi cc 2000 ushuru wa bidhaa Tanzania unapanda kutoka asilimia 5 hadi 10, na gari ikizidi miaka 8 unaongezewa wa uchakavu. Kenya ikizidi 8 haiingii kabisa.

Ukishanunua, wiki ya kwanza mwaga oili ya transfa na ya difu. Kwa RAV4 ACA31 ni kama nusu lita kila moja, oili ya gia aina ya hypoid, daraja la GL-5. Ikitoka na vumbi laini la chuma ni kawaida. Ikitoka na vipande, irudishe kwa fundi kabla hujaitembeza.