Siku Mbili Vienna: Muziki Nisikie Wapi?

SWALI: Dada, shikamoo. Mwezi Mei nakwenda Vienna mkutanoni, na Jumamosi na Jumapili nitakuwa huru. Naimba sauti ya tatu katika kwaya ya parokia yetu, nataka kumsikia Mozart kwao. Tatizo posho. Kuna tamasha la euro 60, ninunue tiketi?
Mwanakwaya, Moshi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue kwanza. Ukifika tu kanisa kuu la Mtakatifu Stefano watakuzonga vijana waliovaa mawigi meupe na makoti ya kizamani, tiketi mkononi. Wengi huuza tamasha za watalii: kipande hapa, kipande pale, vile unavyovijua tayari.

Jumamosi jioni nenda Staatsoper, jumba la opera lililofunguliwa 1869 kwa kazi ya Mozart. Omba tiketi ya kusimama. Haifiki euro 20. Ukiweza, chukua za chini, nyuma ya viti vya matajiri. Ukishapata nafasi, funga skafu kwenye chuma kilicho mbele yako, kisha nenda kanywe maji, hakuna atakayeigusa. Hapo hapo pana kiskrini cha tafsiri. Ila vaa viatu vya chini, maana saa tatu za kusimama si mchezo!

Jumapili saa 5 asubuhi uwe kanisani Augustinerkirche. Hapa ndipo nakusisitizia. Misa ya Haydn, Mozart au Schubert huimbwa ndani ya ibada yenyewe, kwa kwaya na okestra, na padri anasubiri Gloria iishe kama anavyowasubiri ninyi. Tiketi hakuna, ni sadaka yako tu. Waimbaji wako juu nyuma, kwenye kinanda, kwa hiyo jizuie kugeuka kila dakika. (Mimi nilishindwa.)

Mchana panda tramu namba 71. Shuka kwanza St. Marx, makaburi alikozikwa Mozart 1791. Kaburi lenyewe halijulikani hasa ni lipi, pamewekwa ukumbusho tu, lakini Mei vichaka vya maua ya zambarau hunukia makaburi mazima. Endelea na tramu hiyo hiyo hadi Zentralfriedhof, makaburi makuu ya jiji, lango la 2: Beethoven, Schubert na Brahms wamelala jirani.

Nyumba ya Mozart, Domgasse 5, iache kama fedha imebana. Fanicha zake hazimo. Na kasri la Schönbrunn, foleni ya ndani itakula nusu siku. Zunguka bustanini, hakuna kiingilio.