Ukipimwa Mshipa wa Mguu, Uliza Umepimwaje

Mama mmoja mwenye duka alinijia na ripoti mbili za ultrasaundi, zote za mguu uleule. Ya kwanza ilisema mshipa mrefu wa upande wa ndani wa paja una upana wa milimita 4 na hauna tatizo. Ya pili, ya wiki chache baadaye, ilisema milimita 6 na damu inarudi chini. Aliamini mashine moja ni mbovu. Nilipomuuliza alivyopimwa, mambo yakaeleweka: mara ya kwanza alilazwa kitandani asubuhi, mara ya pili alisimamishwa jioni, baada ya kushinda dukani kutwa nzima.

Kazi yangu ni ultrasaundi, na wenye mishipa iliyovimba miguuni huwa nawaambia wasitegemee namba wasiyojua imepatikanaje.

Vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ina ukuta mwembamba, hutanuka na kunywea kufuata damu iliyomo. Ukilala, shinikizo la vena kwenye kifundo cha mguu ni kama milimita 10 tu za zebaki. Ukisimama tuli hupanda hadi karibu 90, kwa kuwa damu yote kuanzia moyoni inaelemea pale. Ndiyo maana anayetafuta vali mbovu, yaani vilango vya ndani ya vena vinavyozuia damu isirudi chini, humsimamisha mgonjwa, uzito ukiwa mguu wa pili, na mguu unaopimwa ukiwa umelegea. Hulibana shavu la mguu, akaliachia ghafla, huku akitazama damu inaelekea wapi. Katika vena za juujuu, damu ikirudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde, vali hazifungi sawasawa. Kwa vena kubwa za ndani, ile ya paja na ile ya nyuma ya goti, mpaka ni sekunde 1. Mtu akipimwa amelala chali, kasoro hiyo inaweza isionekane kabisa. Kusimama huko huwaletea wengine kizunguzungu. Ukikisikia sema mapema, kitanda kinaweza kuinuliwa upande wa kichwani.

Mkono wa mpimaji nao una sehemu yake. Akikandamiza kidogo tu, vena hubonyea. Akiielekezea kifaa mshazari, duara la vena kwenye picha hugeuka yai na upana unaongezeka bure. Karibu na kinena vena ni pana, na sentimita chache chini yake huwa nyembamba zaidi, hivyo ripoti isiyotaja mahali haina la kulinganisha. Hata baridi ya kiyoyozi huibana.

Kwa sababu hizo, tofauti ya nusu milimita kati ya ripoti mbili mimi siiiti ugonjwa kuongezeka. Inaniuma kumwona mtu ametishwa na tofauti hiyo hadi anatafuta mkopo wa upasuaji. Upana peke yake hauamui matibabu: ipo vena pana ambayo vali zake ni nzima, na ipo nyembamba inayorudisha damu na kumtesa mwenyewe kila jioni.

Ukirudia kipimo, jitahidi kiwe saa zilezile na, ikiwezekana, kwa mpimaji yuleyule. Kama unavaa soksi za kubana, muulize anayekupangia miadi uzivue lini. Omba ripoti iandike ulikuwa umesimama au umelala, sehemu iliyopimwa, na damu ilirudi kwa muda gani. Ile ya zamani nenda nayo.

Lakini mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usikae kulinganisha ripoti. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana huenda ni damu iliyoganda. Hapo mpimaji huibonyeza vena aone kama inajifunga; isipojifunga, ndani kuna kitu. Kama zilitazamwa za paja na goti tu zikaonekana salama, na uvimbe bado upo, muulize daktari kuhusu kurudia baada ya wiki moja hivi, kwa sababu damu iliyoganda chini ya goti inaweza kupanda. Ukianza kubanwa na pumzi au kifua kuuma, usisubiri wiki hiyo iishe. Rudi hospitali mara moja.