Uliza Ujibiwe: Nyota mbele ya *werþaną

SWALI: Mhariri, najifunza Kijerumani. Kamusi yangu inasema kitenzi werden, yaani kugeuka kuwa, kimetoka *werþaną ya Mame-Kigermaniki, lugha mama ya Kijerumani, Kiingereza na ndugu zao. Nyota ni ya nini, na þ iligeukaje d?
Msomaji, Kongwa, Dodoma

JIBU: Nyota inaonya kwamba neno halijakutwa kwenye maandishi yoyote, limeundwa upya kwa kulinganisha lugha ndugu. Mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof alizifanyia lugha za Kibantu kazi hiyohiyo mwaka 1899. Ukipanga mtu ya Kiswahili, munhu ya Kigogo na umuntu ya Kizulu, mzizi *-ntu unajitokeza.

Sasa panga hizi za Kigermaniki: Kigothi wairþan, Kiingereza cha Kale weorþan, Kinordi cha Kale verða, Kijerumani cha Kale werdan. Soma þ kama th ya thamani. Kijerumani ndicho kilichohama, maana kwao þ iliishia kuwa d: tatu ni three kwa Waingereza, drei kwa Wajerumani. Hilo ndilo jibu la d yako.

Ukitoka nje ya familia hiyo unakuta t: Kilatini vertere, Kisanskriti (lugha ya kale ya India) vartate, vyote kugeuka. Mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm alionyesha mwaka 1822 kwamba t hiyo ya kale huwa þ upande wa Kigermaniki. Kuhusu maana, Mswahili hana la kushangaa. Maziwa nayo hugeuka mtindi.

Utamu wenyewe uko kwenye wakati uliopita. Kiingereza cha Kale kina wearþ (akawa), lakini wurdon (wakawa). Kwa nini umoja uwe na þ na wingi d? Karl Verner, Mdenmaki, alilifumbua mwaka 1875 kwa kutazama mkazo wa Kisanskriti: umoja vavarta una mkazo kwenye mzizi, wingi unao mwishoni. Mkazo usipokuwa kwenye silabi inayoitangulia, þ ililainika ikawa kama dh ya dhahabu, kisha d. Baadaye mkazo ukahamia mwanzo wa neno, ila konsonanti zilikuwa zimeshabadilika.

Kijerumani cha Kale kilizitunza tofauti hizo: ward, lakini wurtun, kwa kuwa d ya zamani kwao ilikuwa t. Leo zimesawazishwa, wurde na wurden. Kwa hiyo, kwa kitenzi hiki, usitafute sheria ya Verner kwenye Kijerumani cha sasa, wala usiitafute kwenye Kigothi. Kigothi kina maandishi marefu ya zamani kuliko ndugu zake, lakini hapa kilisawazisha mapema: warþ, waurþun, zote kwa þ. Anza na Kiingereza cha Kale.