Kulowea, kuhamia, kurejea: jibu kutoka Goma

Ndugu uliyeuliza kama unaweza kuandika kwamba watu wa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, "walilowea tena" mitaa yao baada ya volkano ya 2002: mimi nasema hapana.

Kulowea ni kufika mahali ukitokea kwingine, ukakaa mpaka pakawa makazi yako ya kudumu. Mtu ametoka Butembo, akaja Goma kuuza mitumba, akaoa hapa, akanunua parseli, yaani kiwanja, wala hawazi tena kurudi: huyo amelowea Goma. Kitenzi chenyewe ni adimu, lakini mlowezi unamjua. Redio humtaja kwenye habari za Ukingo wa Magharibi, na Kenya wanamkumbuka kwa mashamba makubwa ya Wazungu. Neno limebeba ugeni, na mara nyingi limebeba ardhi ya mwenzako.

Sasa tuangalie sisi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikakata katikati ya mji hadi Ziwa Kivu na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Watu wengi walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, na wengi wakarudi baada ya siku chache tu, mawe bado ya moto. Kwenye parseli yetu alama za mipaka zilikuwa zimefukiwa zote. Baba na majirani walipima upya wakianzia kwenye ukuta mmoja uliosalia, wakibishana hatua kwa hatua. Lava tuliivunja kwa nyundo ikawa msingi, juu yake nyumba ya mbao. Choo hakikuchimbika. Kilijengwa juu, unapanda ngazi kukiingia.

Watu hao walirejea kwao. Ukitaka kutaja mahali, sema mtaa ulikaliwa tena. Mimi napenda zaidi maneno ya ukoo wa "hama": watu wakihama huacha mahame, wengine wakihamia, mahame yanakuwa mtaa. Na serikali ikiwapeleka watu kwingine, inawahamishia huko. Usiseme inawalowesha, maana hiyo ni kuwatia maji.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika eneo hili la Kivu swali la nani alitangulia kwenye ardhi limemwaga damu nyingi. Kumwita mlowezi mtu anayejenga juu ya kiwanja cha baba yake ni kumvua haki yake kwa neno moja. Kwa makala yako, "wakazi walirejea na kujenga upya" inatosha kabisa.