Kishikwambi kimejaa hadithi, daftari lina mistari mitatu

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Nafundisha darasa la nne mkoani Morogoro. Tuna vishikwambi kumi vyenye programu ya kutunga hadithi: mtoto anachagua picha, anarekodi sauti, anaandika kidogo chini yake. Wanaipenda mno. Lakini nikiwapa insha daftarini, wengi wanaishia mistari mitatu. Sasa kuna muuzaji ametuletea programu ya kulipia, anasema itamaliza tatizo ndani ya mwezi. Tununue?

JIBU: Msinunue, mwalimu mwenzangu. Swali hili nakutana nalo karibu kila semina, na kila mara tatizo linatafutwa kwenye programu ilhali liko kwenye kile tunachokubali kukiita uandishi.

Chukua kazi ya mtoto yeyote, funika picha kwa kiganja, usome maandishi peke yake. Utakuta kitu kama hiki: "Sungura alikimbia. Simba alimwona. Akakasirika." Nani alikasirika? Kwa nini? Walikuwa wapi? Ondoa kiganja na majibu yote yapo: mto, kichaka, simba ametoa meno. Mtoto hakuona haja ya kuandika kilichokwisha kuchorwa. Daftarini hakuna picha ya kumbeba, ndiyo maana anakwama.

Kinachoniudhi ni kwamba wanaopita shuleni na bidhaa hizi wanalijua hilo. Wanaonyesha ukurasa wenye rangi, sauti na jina la mtoto, wazazi wanapiga makofi, na hakuna anayeuliza mtoto mwenyewe ametunga sentensi ngapi. Joe Lambert na wenzake, walioanza kufundisha usimulizi wa kidijitali huko San Francisco mwaka 1994, hawakuanzia kwenye mashine. Katika warsha zao watu huketi duara, kila mmoja anasimulia na wenzake wanamuuliza, kisha anaandika maneno yake. Picha na video hufuata. Wauzaji wameikata hatua ya mwisho na kuiuza kana kwamba ndiyo kazi nzima.

Kwa hiyo siku ya kwanza vishikwambi vibaki kabatini. Watoto wasimuliane wawili wawili, paukwa pakawa kama walivyozoea, na msikilizaji awe na kazi ya kuuliza: wapi? ikawaje? kwa nini? Ndipo waandike daftarini. Tahajia iache kwanza. Wewe andika swali moja tu pembeni, waandike tena.

Baada ya rasimu hiyo ya pili, kishikwambi kina kazi kubwa, nayo ni sauti. Mtoto arekodi alichoandika neno kwa neno, asiongeze kitu, halafu ajisikilize. Atasikia mwenyewe mahali hadithi iliporuka, jambo ambalo kalamu nyekundu humwambia lakini haimfanyi alisikie. Arudi daftarini aliandike lile lililokosekana. Picha iwe moja, ije mwisho. Na uchache wa vishikwambi usikusumbue: kundi moja likirekodi, mengine yanaandika.

Jambo dogo lakini lina madhara: zima usahihishaji wa maneno kwenye kibodi, au weka kibodi ya Kiswahili. Ya Kiingereza humbadilishia mtoto neno alilolipatia, naye akaamini amekosea.

Kama ni hadithi za kuwasomea, tovuti ya African Storybook ya Afrika Kusini inazo za Kiswahili, bure, na mwalimu anaruhusiwa kuzibadilisha au kuweka zake. ScratchJr, programu ambayo mtoto huwaendesha wahusika kwa kuunganisha vipande vya picha, pia ni ya bure na inafundisha vizuri mpangilio wa matukio, lakini usiitegemee kwa sentensi.

Ninachokihofia zaidi ni wimbi jipya la programu za akili mnemba zinazouzwa kwa jina hilihili la kufundisha uandishi. Mtoto anaandika maneno matatu, inamtolea ukurasa mzima wa Kiswahili kilichonyooka, na ukurasa huo unabandikwa ukutani kama kazi yake. Mtoto wa miaka tisa au kumi anahitaji kuhangaika na sentensi yake mpaka imtii. Akipewa iliyokamilika kabla ya hapo, ananyang'anywa zoezi lenyewe, na mwalimu anapoteza njia ya kujua amekwama wapi.

Muuzaji akirudi, mwombe akuonyeshe rasimu ya kwanza na ya pili za mtoto mmoja aliyetumia programu yake, kwa mwandiko wa mtoto huyo, bila picha. Akikosa, fedha hizo nunueni madaftari na vitabu vya hadithi.